Simu na Ilimu: Darsa kwa Wazee wa Kibiti na Visiwa vya Rufiji

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, katika mambo yanayoulizwa mara kwa mara barazani na misikitini baada ya sala ya alasiri ni hili la vijana na simu. Mzee mmoja husema, "Watoto wa siku hizi wameharibika, simu imewala akili." Mwenziwe humjibu, "La, bali wao ndio wajuzi. Mimi simu yangu ikinishinda humpa mjukuu wangu." Na wote wawili wakisha kusema hayo hunyanyuka wakaenda zao, na kijana akabaki na simu yake peke yake. Darsa hii tumewaandikia wazee hao wawili, kwani tuonavyo sisi maneno yao, ijapokuwa yanapingana, yamezaa tendo moja, nalo ni kumwacha kijana.

Neno la yule mzee wa pili lina asili yake mbali. Mwaka 2001 mwandishi mmoja wa Marekani, jina lake Marc Prensky, aliandika makala akawagawa watu mafungu mawili. Waliozaliwa vyombo hivi vimekwisha kuenea akawaita wenyeji wa nchi hiyo mpya, na waliovikuta ukubwani akawaita wahamiaji, ambao hata wakijifunza lugha ya nchi lafudhi yao ya kigeni haiwatoki. Akasema wenyeji hao hufikiri kwa namna nyingine, na ya kuwa walimu ndio wanaopaswa kubadilika wawafuate. Neno hilo likapendeza masikioni, likaenea duniani. Hata ilipofika 2008 wanavyuoni watatu wa Australia wakauliza: ushahidi wa maneno haya uko wapi? Wakatazama tafiti zilizofanywa, wakaona kuwa vijana wa umri mmoja wanatafautiana sana katika vyombo hivi, na wengi wao hawavitumii ila kwa mambo machache mepesi.

Nasi watu wa Rufiji hatuhitaji kwenda Australia kulijua hilo. Mtoto wa Msala au wa Kiongoroni huzaliwa maji yakiwa mlangoni. Huyaona kabla hajamjua babu yake. Je, yuko baba amwambiaye mwanawe wa miaka 6, "Wewe ni mwenyeji wa maji, chukua mtumbwi uende"? Hayuko. Humpakia mbele yake, akamfunza kushika kafi na kupiga upondo, akamwonyesha mkondo upi hukauka maji yapwapo mtumbwi ukakwama topeni, akamfahamisha tafauti ya bamvua na maji mafu, na ukingo upi mamba hupenda kulala. Kuzaliwa kando ya maji kumempa mtoto jambo moja tu, nalo ni kutoyaogopa. Na asiyeogopa maji wala asiyajue, huyo ndiye wa kwanza kuzama. Basi na simu ni vivyo hivyo. Kidole cha kijana wetu ni chepesi, haogopi kubonyeza. Na wepesi huo sisi tumeuita ujuzi.

Tena hata huo wenyeji wenyewe katika nchi yetu ni wa kuulizwa. Simu za mkononi zilianza Tanzania mwaka 1994, zikiwa za matajiri wa mjini. Waya mkubwa wa baharini uitwao SEACOM ukafika Dar es Salaam mwaka 2009, na wa EASSy 2010, na hapo ndipo mtandao ulipoanza kuwa rahisi. Lakini aliyekaa Kibiti mjini, kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, hayuko sawa na aliyekaa ndani ya mikoko, ambaye hutafuta mtandao kama atafutaye mwezi muandamo, mara upo mara haupo, na simu yake huchajiwa kwa sola ya jirani kwa malipo. Na katika nyumba nyingi simu janja ni moja, nayo ni ya baba au ya kaka mkubwa. Binti huishika akitumwa kuipeleka kuchaji. Kaka na dada wamezaliwa nyumba moja, wamepishana miaka miwili, na mmoja ameitwa mwenyeji na mwenziwe hata mgeni hakukaribishwa. Aliyemnunulia mwanawe wa kiume simu kwa fedha za kaa na kamba, akamnyima binti yake hata saa moja ya kusomea, na akumbuke kuwa kutafuta ilimu kumewalazimu wote wawili.

Wala hatukusudii kuitukana simu, kwani kumtukana mtumishi kwa kosa la bwana wake ni dhuluma. Mvuvi wa Salale leo huijua bei ya kaa kabla hajaufunga mtumbwi, na mchuuzi hamdanganyi kama alivyomdanganya baba yake. Mama aliyeko Mbwera humsikia mwanawe aliyeko Dar es Salaam siku ile ile anayougua. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, na baada yake kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu na Mafia tarehe 3 na 4 Mei, onyo la Mamlaka ya Hali ya Hewa liliwafikia watu wengi kwa njia ya simu na redio, na mwenye akili akaivuta mashua yake juu. Na mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, toka katikati ya Machi mpaka mwisho wa Juni, watoto wengine walifundishwa kwa redio na televisheni na simu, na wengine hawakufundishwa na mtu yeyote. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, na mwanafunzi ambaye shule yake ina kitabu kimoja kwa watoto wengi aweza kukisoma humo. Hizi ni neema, na kuzikanya kwa jumla ni ujinga.

Sasa na tutazame khabari ya mazungumzo, kisha tutazame khabari ya ilimu, nayo ndiyo kubwa zaidi.

Watu wa pwani hii ni watu wa barua tangu zamani. Barua za Kiswahili za kale kabisa zijulikanazo ziliandikwa Kilwa, jirani zetu wa kusini, mwaka 1711, kwa khati za Kiarabu, nazo zimehifadhiwa Goa katika Bara Hindi. Wazee wetu walikuwa na adabu ya barua: mtu huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, akamtaja amwandikiaye kwa heshima yake, akatoa salamu, akauliza khabari za wa nyumbani mmoja mmoja, ndipo akafika haja yake, na aghlabu haja ilikuwa mistari miwili. Kijana wa leo huanza kwa haja. Huandika "xaxa" akikusudia sasa, na "2po p1" akikusudia tupo pamoja, na "cjui" akikusudia sijui. Wazee hukasirika wakasema lugha imekufa.

Katika hili sisi tunawaombea vijana udhuru. Khati zile za Kiarabu walizotumia wazee nazo zilikuwa na ufupi wake: herufi moja ya be ilisomwa b, na p, na mb, na msomaji hutambua kwa maana ya maneno, wengine hawakutia irabu, wakamwachia msomaji azijaze. Ufupi wa wazee uliletwa na kalamu na karatasi adimu, na ufupi wa vijana uliletwa na ujumbe uliolipiwa kwa hesabu ya herufi. Kiswahili hakikufa kwa ule, na hakitakufa kwa huu. Linalotuhuzunisha ni jingine. Mzee alijua ufupi, na pia alijua urefu. Aliweza kuandika daftari la duka kwa vifupi, na usiku ule ule akamwandikia mkwewe barua ya kurasa mbili isiyo na kosa. Kijana aliyefunzwa na simu peke yake ana vazi moja tu, nalo huvaa kazini, na msibani, na mbele ya mwalimu wake. Hatumlaumu kwa vazi alilonalo. Twauliza, nani alimshonea jingine?

Na iko faida moja ambayo wengi hawakuiona. Simu hizi huchukua sauti kama zichukuavyo maandiko, na bibi asiyejua kusoma, aliyekuwa akimngoja mtu wa kumsomea barua na siri yake ikajulikana na msomaji, leo husema mwenyewe na mjukuu wake akamsikia kwa sauti yake. Katika makundi ya jamaa, bibi huyu amerudi barazani. Vijana ndio waliomfundisha, na kwa hilo Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Lakini baraza ya simu si baraza kamili. Barazani mtu huona uso wa mwenziwe ukikunjamana, akalirudisha neno lake kabla halijatua. Katika simu hauoni uso, na neno likisha kwenda limekwenda, tena limeandikwa, na litasomwa na watu ambao hukuwakusudia. Ugomvi ambao zamani ungelikwisha kwa mzee mmoja kukohoa, katika kundi la simu hukaa wiki nzima. Na kijana aliyezoea kusema na watu asiowaona huingia barazani akawa bubu, au akawa na ukali usio mahali pake, kwani hakujifunza kuzungumza na macho yakimtazama. Dawa yake si kumfukuza barazani akakae na rika lake. Dawa ni kumkalisha, akaulizwa rai yake, akasikilizwa hata amalize.

Tukija katika khabari zinazopelekwa, hapa ndipo pana khatari, na hapa wazee wasijitoe. Mwaka 1908, baada ya vita vya Maji Maji vilivyoanzia Umatumbi kusini ya mto wetu mwaka 1905, ulizuka Lindi waraka uliosemwa kuwa umetoka Makka. Ndani yake mtu aitwaye Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.), amedai kuwa ameota ndoto, na ya kuwa Kiyama kimekaribia, na watu wametakiwa watubu na waraka wausambaze. Ukanakiliwa kwa mkono, ukatembea pwani toka mji hata mji, watu wakafadhaika, na Wajerumani wakaingiwa na khofu ya fitina mpya. Wala haukuwa wa kwanza, kwani nyaraka za namna hiyo, kwa jina hilo hilo la Sheikh Ahmad, zilitembea nchi nyingi za Waislamu, na wanavyuoni wakubwa wa Misri na Hijazi wakaandika kuzikanusha. Basi wale walioutembeza waraka wa 1908 walikuwa vijana wa simu? Hawakuwa na simu. Walikuwa babu zetu, watu wa sala na wa heshima, waliopokea karatasi wakaipenda, wasiulize imetoka kwa nani. Na wasia huo huo wa Sheikh Ahmad ukingali unatembea katika simu, na mara nyingi anayeupeleka kwa watu arobaini ni mzee, na kijana ndiye asemaye, "Babu, hii si kweli."

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeiweka khabari ya uongo katika makosa ya kuadhibiwa, lakini Mwislamu ana sheria kongwe kuliko hiyo. Katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa tukijiwa na fasiki na khabari tuipeleleze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Wafasiri wengi wamesimulia sababu yake: Mtume (s.a.w.) alimtuma Walid bin Uqba kwa Bani Mustalik akakusanye zaka. Watu wale walipomsikia wakatoka kumlaki. Naye akaingiwa na khofu njiani, akarudi Madina akasema wamekataa kutoa zaka na wamekusudia kumuua. Ilikaribia jeshi kutoka. Tazameni: watu wameondoka nyumbani kwa furaha kumpokea mgeni, na kwa neno la mtu mmoja walikaribia kupigwa vita. Na khabari ile ilichukuliwa na mtu ajulikanaye kwa jina na kwa baba yake. Je, hii tunayoipokea sisi, ambayo juu yake imeandikwa tu kuwa imepelekwa mara nyingi?

Walioifahamu aya hiyo walifanya nini? Jabir bin Abdallah (r.a.), sahaba wa Mtume, alisikia kuwa iko hadithi moja kwa Abdallah bin Unais aliyekaa Sham. Akanunua ngamia, akasafiri mwezi mzima, akamgongea mlango, akaisikia kwa kinywa chake. Hadithi moja, mwezi mmoja. Kijana wetu hupokea hadithi 10 kabla ya adhuhuri, zimepambwa maua na picha ya Alkaaba, na chini yake hapana jina la Bukhari wala la Muslim wala la yeyote. Muhammad bin Sirin wa Basra, aliyekufa mwaka 110 wa Hijra, aliwausia watu waangalie ni nani wanayechukua kwake dini yao. Na Imam Muslim akaupokea wasia huo mwanzoni mwa kitabu chake, pamoja na hadithi iliyoeleza ya kuwa mtu asemaye kila alisikialo hilo peke yake lamtosha kuwa uongo. Hadithi hizi ziliwafaa watu wa Basra wapitishao khabari sokoni. Sijui kama ziko zinazotufaa sisi zaidi ya hizo.

Sasa khabari ya ilimu. Wanavyuoni wa hadithi walizieleza njia za kuipokea ilimu kwa mwalimu, na mbili katika hizo ndizo kubwa: samaa na ardhi. Samaa ni mwanafunzi kumsikiliza mwalimu akisoma. Ardhi, nayo ni yenye ain si ile ya kukanyagwa, ni mwanafunzi kusoma yeye na mwalimu akamsikiliza, akamrudi alipokosa. Kila mtu aliyepita katika vyuo vyetu anazijua zote mbili ijapokuwa hakuyajua majina yake: asubuhi mwalimu husoma nasi tukafuatiza, na jioni mmoja mmoja huitwa mbele ya mkeka, naye akatetemeka.

Simu imeifungua samaa kwa namna ambayo wazee hawakuiota. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alisoma Kurani nzima ikanaswa sauti yake, ikatolewa mwaka 1961, na kabla ya hapo haikuwahi Kurani nzima kunaswa hivyo. Leo kijana wa Maparoni, katika mtumbwi, humsikia Husary, aliyekufa 1980, kwa uwazi kuliko walivyomsikia waliokaa safu ya nyuma msikitini mwake. Tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, iliyochapwa 1969, ambayo zamani mtu aliiazima kwa ahadi, imo mfukoni. Hapana aliyepata samaa nyingi kama watoto hawa tangu dunia kuumbwa.

Na ardhi? Husary husikiwa, wala hasikii. Kijana hufuatiza mwaka mzima akitamka dhali kama zay, na ha nzito kama nyepesi, na sauti ile tukufu haimrudi hata mara moja. Wala si katika Kurani peke yake. Katika hesabu, kijana hutazama mtu akilifungua fumbo, akaona njia imenyooka, akasema, "Nimefahamu." Hakufahamu, ameona mwenziwe akifahamu. Atafahamu atakapokaa na kalamu, akakosa, na mtu akamwonyesha kosa liko wapi. Hiyo ndiyo ardhi, na mtoto aliyekulia katika simu huikosa bila ya kujua kuwa ameikosa, kwa kuwa masikio yake yameshiba.

Mtu atasema: siku hizi ziko programu zisikilizazo, mtu akisoma Kurani zikamtambulisha neno aliloliruka. Naam, ziko, na kwa mwenye kudurusu hifdhi yake zina msaada. Lakini mwalimu hasikilizi maneno tu. Humwona mtoto amekonda akajua leo hakula. Humwona anasoma upesi akajua amekariri bila ya kufikiri. Humwona ameinamisha kichwa akamwacha mpaka kesho. Hadithi ya Jibrili, aliyoipokea Imam Muslim, imetuonyesha mwenye kuuliza amekaa magoti kwa magoti na mwenye kuulizwa, na wote waliopo wakiwatazama. Malaika huyo angeliweza kuuleta ujumbe bila ya kukaa, naye alikwisha kuuleta Wahyi miaka mingi hivyo. Lakini siku ile watu walikuwa wanafundishwa dini yao, akakaa kikao cha mwanafunzi.

Na tangu mwisho wa mwaka 2022 zimeenea mashine zijibuzo. Kijana huandika swali kwa Kiswahili, zikamjibu kwa ufasaha, kama mtu aliyesoma. Huziuliza masala ya hesabu, na barua ya kuomba kazi, na sasa huziuliza masala ya tohara na talaka. Zinafaa katika mengi. Lakini jueni ya kuwa mashine hizi hutunga maneno kwa kufuata mazoea ya maneno mengi zilizolishwa, na huweza kutunga hadithi isiyokuwapo, zikaipa na nambari ya kitabu, wala sauti yao isibadilike baina ya kweli na uongo. Hapana isnadi, na hapana aibu. Kijana aliyepitia ardhi atashituka, atafungua kitabu atazame. Ambaye hakupitia atatosheka.

Iko na khabari ya hifdhi. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walitoa majaribio yao wakaeleza kuwa mtu akijua jambo limewekwa katika mashine, hulisahau upesi, akakumbuka tu pa kulitafuta. Watu wakalishika neno hili kama wahyi. Kisha 2018 wengine wakalirudia jaribio moja katika yale, halikutoa jawabu lile lile. Basi hatutasema kuwa simu imethibitika kufuta kumbukumbu, tutasema tulilolishuhudia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa kusini, na mtandao wa Tanzania na nchi jirani ukalegea kwa siku kadhaa. Siku hizo, aliyekuwa na juzuu kifuani alisoma, na aliyekuwa na kitabu rafuni alisoma, na ambaye ilimu yake yote ilikuwa ng'ambo ya waya alingoja fundi wa melini.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, UNESCO, katika taarifa yake ya 2023, limezionya serikali zisivitie vyombo hivi shuleni ila kwa masharti ya manufaa ya mwanafunzi, wala visiwekwe mahali pa mwalimu. Serikali yetu haiwaruhusu wanafunzi kuwa na simu shuleni. Hukumu hiyo ina maslaha, lakini imeliacha swali kwetu, kwani mtoto hurudi nyumbani, na simu iko nyumbani, na likizo ni ndefu.

Basi sisi twaona hivi. Mwalimu wa chuo asishindane na simu kwa samaa, atashindwa. Bali aipunguze samaa yake, na wakati wake autie katika ardhi. Awaambie wanafunzi wakubwa wamsikilize Husary nyumbani kwa aya 5, kisha wazilete kwake. Saa iliyookoka iwe ya kuwarudi makosa. Baba naye, hata akiwa hajui kusoma, anayo ardhi yake: amwambie mwanawe, "Nieleze ulichokitazama leo." Kijana akishindwa kukieleza kwa Kiswahili cha kufahamika na mvuvi, hakukifahamu, na yeye mwenyewe ataona. Na kila khabari iletwayo nyumbani iulizwe maswali yale yale aliyoulizwa mpokezi wa hadithi: umeisikia kwa nani, naye kwa nani, na kuna mwengine aliyeisema? Mtoto wa miaka 9 aweza kulizoea hilo, akalifanya mchezo, na wengine huwauliza hata mababu, jambo ambalo mababu hawalipendi.

Na iko kamari ya mipira, ambayo vijana wengi huicheza kwa simu, na fedha ya mwezi mzima wa topeni ikenda usiku mmoja. Hukumu yake haina khitilafu. Lakini baba asiyejua kuwa kamari iko ndani ya simu hataikataza, kwa hiyo tumeitaja.

Tumeulizwa na masala, nasi twayajibu kwa ufupi kwa madhehebu yetu ya Shafii.

Kujibu salamu iliyoletwa kwa simu: Imam Nawawi ameeleza katika Adhkar kuwa aletewaye salamu katika barua humwajibikia kuijibu imfikiapo. Na ujumbe wa simu ni barua. Vijana waliofupisha salamu kwa herufi nne wasifupishe jawabu kwa kunyamaza.

Kugusa simu yenye Kurani bila ya udhu: wanavyuoni wengi wa zama hizi hawaihesabu simu kuwa ni msahafu, kwa kuwa herufi zake ni nuru itokayo na kuondoka. Lakini aya zikiwa wazi juu ya kioo, udhu ni adabu njema, wala mtu asiingie nazo chooni zikiwa wazi.

Kufunga ndoa kwa simu: Baraza la Fikihi la Kiislamu, lililokutana Jedda mwezi wa Machi 1990, limeruhusu mikataba ya biashara kwa vyombo vya mbali, likaitoa ndoa, kwa sharti la mashahidi. Aliye mbali na amuwakilishe mtu.

Talaka iliyoandikwa kwa ujumbe: kwa Shafii maandishi ni kinaya, hutazamwa niya yake. Akiwa ameikusudia talaka alipoandika, imepita. Akiwa hakuikusudia, hapana kitu, naye ataulizwa na kadhi na ataapa. Na kijana aliyeandika kwa hasira, kisha akaufuta ujumbe kabla mkewe hajausoma, na ajue kuwa kufuta si kurejea. Ikiwa niya ilikuwapo wala hakuifunga talaka yake na kufika kwa ujumbe, talaka imepita hata kama kioo ni cheupe, na ikiwa ni ya kwanza au ya pili, na mke amekwisha kuingiliwa, wala haikuwa khului, basi ana haki ya kumrejea ndani ya eda kwa kutamka, na aende kwa kadhi wake siku hiyo hiyo asingoje.

Wallahu aalamu.